Nondo wa Usiku wa Jumamosi

Roseville, 14 Septemba 2015

Bi Ruqayya,

Kabla hujasoma, funga dirisha, halafu fungua kile kikaratasi cha ndani polepole. Umefungua? Umeona? Sasa kaa chini nikueleze, maana mimi mwenyewe tangu Ijumaa sikai.

Ijumaa nilitoka shifti Shakopee saa nne na nusu usiku. Pale malori yanapopakia mizigo ya ghala letu kuna taa kubwa nyeupe, na chini ya taa kuna wadudu kila siku, wengine wazima, wengine wamekanyagwa. Wenzangu wanakimbilia magari, mimi napita taratibu. Bon, natembea, naona kitu kama jani kavu. Naokota. Si jani, ni kipande cha bawa! Upana wa vidole vitatu, rangi ya kahawa, na pale lilipokatika kuna nusu ya doa jeusi la duara, kama jicho. Nusu tu. Nusu nyingine amebaki nayo mwenyewe, popote alipo. Hiki kipande peke yake ni kikubwa kuliko vipepeo wazima tuliowaona siku ile ya matembezi ya kikundi chetu cha wadudu.

Jumamosi nilikipeleka maktaba kwa mzee Alfred, kiongozi wetu. Unamjua alivyo, hata ukimletea malaika atakuuliza umemwona saa ngapi na upepo ulitoka wapi. Lakini safari hii alivua miwani, akaivaa tena, akataja jina ambalo kwa Kiswahili ni Mchawi Mweusi. (Padri wangu asisikie ninamtafuta nani.) Ni kipepeo wa usiku, kwao ni huko kusini, Meksiko, na katika orodha ya vuli ya Alfred, miaka yote kumi na tisa aliyoiandika, hajawahi kuwemo. Nilitaka kuruka mbele za watu. Halafu akachukua kalamu akaandika pembeni: labda. Labda! Anasema bawa linaweza kuja na lori kutoka mbali. Sheria yake unaikumbuka: mdudu adimu lazima aonekane mzima, na watu wawili, jioni moja, mti mmoja. Macho manne.

Bi Ruqayya, kuna jambo sikukwambia siku ile ya matembezi. Baba yangu, Rigobert Bahizire, alikamata wadudu miaka thelathini na mmoja kwa ajili ya kituo cha utafiti kwetu Kivu. Mimi ndiye niliyekuwa nashika mfuko wake. Masanduku na masanduku, kila mdudu na lebo yake ndogo: mahali, tarehe, jina la aliyekamata. Jina halikuwa lake hata mara moja. Lilikuwa la bwana mkubwa ambaye saa hizo alikuwa nyumbani kwake anakunywa kahawa. Baba sasa ana miaka themanini na mitatu, yuko Bukavu kwa kaka yangu Sosthène, na kila nikipiga simu lazima nimsimulie wadudu wa huku. Nataka kabla hajaondoka asikie jina la Bahizire kwenye lebo. Moja tu, mimi sitaki zaidi.

Njoo uwe macho mawili yale mengine. Na bawa kaa nalo wewe, hapa kwangu mwanangu Merveille atalifagia. Ndiyo maana nimeandika barua, simu haiwezi kubeba bawa.

Mama Merveille,
Euphrasie Bahizire

*

Cedar-Riverside, 18 Septemba 2015

Shoga yangu Mama Merveille,

Ulitaka kuniua! Bahasha yako nimeifungulia dukani, mbele ya mteja, feni inazunguka. Bawa likaruka, likatua kwenye kola ya mteja, mteja akapiga ukelele, mjukuu wangu Fatimah akapiga mkubwa zaidi kwa Kiingereza, nami nikaingia chini ya cherehani kwa magoti haya yangu kulitafuta. Tumelipata. Liko katika kopo la vifungo, juu ya pamba, na hakuna ruhusa ya kugusa.

Kwanza nikusahihishe, usije ukaniaibisha. Huyo si "kipepeo wa usiku". Huyo ni nondo. Najua mmemtoa kwenye Kifaransa chenu. Ila kwetu nondo ni mdudu, na nondo ni vile vyuma vya kujengea nyumba pia, kwa hiyo nilipomwambia mwanangu Hussni kwamba Mama Merveille kaokota nondo kazini, akaniuliza walinzi walimwachaje kutoka nayo.

Wajua mimi nondo walikuwa adui zangu. Nilimwendea Alfred mara ya kwanza kutaka dawa ya kuwaua, maana waliniharibia makoti mawili ya sufi, ya watu. Akaniwekea mmoja chini ya kioo. Lo! Ile nakshi ya bawa, wallahi hakuna fundi wa kuiweza. Dawa nikaisahau palepale, na toka siku hiyo nimekwisha.

Basi nakuja. Na habari ya baba yako imenichoma, sikufichi. Tukutane ile bustani ya kando ya mto huko Shakopee, kwenye mialoni, mti wa tatu ukitoka kwenye meza za kulia. Alfred hupaka mti sukari na bia ili nondo waje. Bia mimi siishiki, na wewe ukionekana na chupa utaombewa mwezi mzima. Nitakupelekea tende kwa Hussni, yaliyobaki utajua mwenyewe.

Wiki hii na ijayo nina nguo za Idi za watu, siwezi kuinua kichwa. Nakuja usiku wa Jumamosi, ile ya kwanza ya mwezi wa kumi, nikishaswali magharibi tu. Hussni atanileta, atake asitake.

Ruqayya Abdulghani

*

Roseville, 23 Septemba 2015

Bi Ruqayya,

Idi njema ya kesho! Nondo, nondo, nondo. Nimeandika mara tatu nisisahau.

Tende zimefika. Kwetu ndizi mbivu wanazikamua zinakuwa kasiksi, pombe ya ndizi. Usishtuke! Mimi sikamui kitu, nimeziacha tu ndizi zioze pamoja na tende zako ndani ya ndoo. Zikichacha zenyewe, dhambi ni ya ndoo. Merveille amesema, kwa Kiingereza, ama ndoo itoke ama atoke yeye. Nimeitoa nje barazani na jirani wa juu ameshauliza mara mbili nini kimekufa. Nitapaka mti Alhamisi ile asubuhi, kabla ya kuingia kazini, ili harufu ishike vizuri.

Siku nimeichunguza sana, maana majina yenu ya siku yananichanganya. Kwetu Jumatatu ndiyo siku ya kwanza, na Jumamosi tunaiita siku ya posho. Nimehesabu kwa vidole, nikamuuliza na Goretti wa kwaya: Jumamosi yenu ndiyo posho yetu. Donc, usiku wa posho, jua likizama, mwaloni wa tatu. Siwezi kukosea.

Nimempigia Baba. Unajua swali lake la kwanza? Bawa la mbele au la nyuma? La nyuma, Baba. Kulia au kushoto? Sikujua, akanigombeza kama nina miaka tisa. Nimefurahi kugombezwa, vraiment.

Mama Merveille

*

Cedar-Riverside, 3 Oktoba 2015, asubuhi

Mama Merveille,

Nimemwona! Nimemwona, nimemwona, na wewe hukuwepo! Nina hasira na nina furaha, na sijui nianze na lipi.

Nilifika giza linaingia. Hussni akakataa kutoka garini, ati anaogopa popo, mwanamume wa miaka thelathini na minne. Nikaenda peke yangu na hii simu yangu ya mulika-mwizi. Mti unanuka ndizi zako toka barabarani. Nikasubiri. Nikakupigia mara saba, inaita tu. Mashine ikaniambia niache ujumbe. Mimi siongei na mashine.

Mara kikaja kitu. Nilidhani popo kweli, nikataka kumfuata Hussni. Kikatua kwenye chambo, kikatandaza mabawa, na kila bawa pana kuliko kiganja changu. Mama Merveille wee! Kahawia, lakini ukimulika kwa upande inapita zambarau, kama zile hariri zinazogeuka rangi ukizikunja. Akazama kwenye ndizi zako, akalewa, hata nilipomkaribia kabisa hakunijali.

Simu yangu haina kamera, wajua. Basi nikafanya kazi ninayoijua. Nikatoa karatasi ya kukatia nguo, nikaishika kwenye gome kandokando yake, nikamchukua vipimo kwa chaki, mabawa yote manne, kila kona na kila nakshi. Chaki nyingine imevuka karatasi ikabaki kwenye mti. Mwambie baba yako: bawa la nyuma, la kulia. Limechanika pindoni kama nguo iliyonasa msumari. Nilipomaliza nikamwita Hussni aje awe macho mawili mengine. Akaja amejifunika mwavuli, nondo akaruka.

Alfajiri hii nimejaza kadi ya Alfred: mwaloni wa tatu, saa moja na robo, usiku wa Jumamosi, tarehe tatu Oktoba, mwonaji yuko peke yake. PEKE YAKE nimeipigia mstari. Fatimah ameitia posta. Na simu nimeizima, usinitafute, sitaki kusikia habari ya shifti.

Ruqayya

*

Roseville, 4 Oktoba 2015

Bi Ruqayya,

Asante kwa kuniacha mtini kama mwizi! Lakini nimemwona! Nimemwona jana, saa moja na dakika kumi, na nimelia peke yangu mbele ya mti, watu wa mbwa wakipita wananiangalia.

Ijumaa nilipotoka kazini usiku nilikuta umenipigia mara saba. Simu zetu huwa zinabaki kabatini. Nikajua unanikumbusha ya kesho yake, na saa ile sikutaka kukuamsha. Jana tangu asubuhi nakupigia, imezimwa. Pale mtini nimekupigia mara kumi na tano, mpaka betri ikaisha, na ndiyo sababu sina picha hata moja! Betri imeisha, dakika tano baadaye akaja.

Alitua juu kidogo ya kichwa changu, kwenye gome ambako watoto sijui wa nani wamechora chaki nyeupe. Akafungua. Nilitafuta jicho lake kwenye mabawa ya nyuma, kumbe ni la kulia. Pengo liko pale, Bi Ruqayya, na nusu ya jicho! Nilisema kwa sauti, "Ni wewe." Nilimwangalia mpaka tochi ikafifia.

Kadi nimeijaza leo baada ya misa: mwaloni wa tatu, Jumamosi usiku, tarehe tatu, niko peke yangu. Ungekuwepo, saa hizi Baba angekuwa ameshasikia. Una homa? Nimekukosea? Nijibu.

Mama Merveille

*

Roseville, 7 Oktoba 2015

Bi Ruqayya,

Barua yako imenifikia jana. Nimeisoma mara nne.

Juu kabisa umeandika tarehe tatu, asubuhi. Ndani unasema umemwona usiku wa Jumamosi. Tarehe tatu asubuhi, usiku wa Jumamosi ulikuwa haujafika! Mimi nilikuwa pale usiku huo, tangu jua halijazama mpaka tochi imekufa. Hakukuwa na Bi Ruqayya, hakukuwa na karatasi, hakukuwa na Hussni wala mwavuli wake.

Alfred amenipigia. Anafurahi sana, ana kadi mbili za usiku mmoja, tarehe moja, mti mmoja, zimepishana dakika tano. Halafu akaniuliza kwa upole: mbona kila mmoja ameandika alikuwa peke yake?

Mbona, Bi Ruqayya? Kama ulitaka jina lako litangulie ungesema, ningekupa. Nimekua katika nyumba ambayo wengine waliandika kuona wasichokiona, nawajua watu hao. Sikutegemea kwako. Nimeumia sana, na sijamwambia Baba chochote.

Euphrasie

*

Cedar-Riverside, 10 Oktoba 2015

Mama Merveille,

Mimi mwongo? Mimi, Ruqayya? Nimekaa na barua yako mpaka chai imepoa. Nikamwita Fatimah anisomee yeye, labda miwani yangu ina kosa. Ikasomeka vilevile. Nikaandika jibu, wallahi, la kurasa tatu, bahati yako nimelichana.

Halafu jana usiku nikarudi pale uliposema usiku wa Jumamosi ulikuwa haujafika. Nikasema, huyu mwanamke ana nini, usiku wa Jumamosi umekosaje kufika asubuhi ya Jumamosi? Ndipo nikang'amua. Nikacheka mpaka Hussni akatoka chumbani kuuliza kama nimepata habari za nyumbani.

Mama Merveille, kwani kwenu usiku wa Jumamosi ni upi? Kwetu jua likizama siku ya Ijumaa, Ijumaa imekwisha. Unaoingia hapo ni usiku wa Jumamosi, na ukikucha ndiyo Jumamosi yenyewe. Usiku hutangulia, mchana hufuata. Usiku wa Ijumaa tunasoma Yasini Alhamisi jioni, mtoto wa Malindi wa miaka mitano anajua hilo. Kumbe nyinyi usiku mnauburuta nyuma ya mchana wake! Jina la siku ukalihesabu kwa vidole, ukamuuliza na Goretti, usiku wake usiniulize!

Basi mimi nilikuwa pale jioni ya Ijumaa yako, nawe jioni ya Jumamosi yako. Na wale watoto wa chaki ndio mimi.

Sasa nisikilize. Alfred ana kadi mbili, tarehe moja, mti mmoja, macho manne. Hiyo ya "peke yangu" nitamwambia mmoja alikuwa upande huu wa mti na mwenzake upande ule, giza, hatukuonana. Nawe nyamaza tu. Nani ataumia? Nondo? Mzee wa watu asikie jina lake.

Mwongo wako,
Ruqayya

*

Roseville, 15 Oktoba 2015

Bi Ruqayya wangu,

Nisamehe. Nimesoma barua yako ndani ya gari, kwenye parkingi ya kazi, nimecheka na kulia pamoja na nikachelewa kupiga kadi ya kuingia shifti. Nimekuita mwongo, wewe uliyesimama gizani na magoti yako kwa ajili ya baba yangu. Aibu yangu sijui niiweke wapi.

Lakini kunyamaza nimeshindwa. Nilijaribu siku moja nzima. Kila lebo ya Baba ilikuwa na uongo mmoja tu, mdogo, na mengine yote ya kweli. Nikimpa ya kwangu nayo ina uongo mmoja mdogo, nitamsomea kwa sauti gani? Jana nimekwenda kwa Alfred nikamweleza yote, Ijumaa, Jumamosi, usiku wenu unaotangulia. Alicheka sana, akasema hajasikia kitu kizuri hivyo mwaka huu. Halafu akachukua kalamu akaturudisha kwenye labda. Jioni mbili si jioni moja.

Na asubuhi hii kulikuwa na barafu kwenye kioo cha gari. Nondo wetu kama hajaondoka, amekufa. Hatutampata tena.

Nikiwa mlangoni Alfred akasema jambo moja. Angekuwa na kipande cha mwili wenyewe, na kitu cha kuonyesha kwamba kipande hicho kimetoka kwa mdudu yule wa mtini, angefuta labda bila kutuuliza lolote. Nikamwambia kipande kipo, kiko ndani ya kopo la vifungo. Kisha nikakumbuka. Bi Ruqayya, ile karatasi yako ya vipimo, uliitupa?

Mama Merveille

*

Cedar-Riverside, 17 Oktoba 2015

Nitupe! Mama Merveille, fundi anatupa karatasi ya vipimo? Nina karatasi za maharusi walioshaachika!

Barua yako imefika jana saa sita. Nikafunga duka, mteja yuko nje anagonga. Nikatandaza karatasi mezani, nikazima feni, nikamwambia Fatimah asipumue. Nikalitoa bawa kwa kibanio, nikaliteremsha kwenye lile pengo nililolichora. LIMEINGIA! Ukingo kwa ukingo, halikubaki nafasi ya uzi, na nusu ya jicho ikakutana na nusu yake, duara zima! Fatimah akapiga ukelele, nami nikampigia kigelegele, na yule mteja wa nje akakimbia.

Nikamtoa Hussni kitandani, twende kwa Alfred. Alfred akalipima mara tatu na rula yake. Akamwita mkewe aone. Akakaa kitako, akasimama, akatwambia twende mtini sasa hivi, tukaenda, na chaki yangu ipo bado kwenye gome! Akaweka karatasi juu ya alama zile, zikalala sawasawa. Mama Merveille, mzee yule alirusha kofia yake. Labda ameifuta mbele yangu, na kifutio, akapuliza na vumbi lake.

Bawa litawekwa katika sanduku la kikundi na lebo yake, na lebo ndiyo itakayochapwa kwenye orodha ya Desemba. Akaniuliza aandike jina la nani, maana nafasi ya jina ni mstari mmoja, mdogo. Nikamwambia Bahizire, nikamtajia herufi moja moja asikosee. Akasema, na wewe je? Nikamwambia mimi jina langu liko ndani ya kola za makoti ya nusu ya mji huu, linanitosha.

Fatimah amenuna kidogo, ati alitaka kuwaonyesha wenziwe shuleni jina la bibi yake. Watoto tu hao.

Mpigie baba yako. Haya, mbio!

Ruqayya

*

Roseville, 1 Novemba 2015

Bi Ruqayya,

Lebo Alfred alinipa mkononi Jumapili iliyopita. Ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Nimeishika wiki nzima, hata kazini nilikuwa nayo ndani ya soksi. Jana nikampigia Baba. Sosthène akamshikia simu sikioni. Nikasoma: Shakopee, mwaloni wa tatu, Oktoba 2015, Bahizire.

Nikaisoma mara ya pili, polepole.

Halafu akasema, "Nani alimwona kwanza?"

Nikasema, Bi Ruqayya, Baba. Ijumaa jioni.

"Na nani alimpima?"

Bi Ruqayya.

"Na jina lake liko wapi?"

Bi Ruqayya, nikajifanya sisikii. Nikasema halo, halo, kama watu wa mtandao mbaya. Alisubiri. Unajua wazee wanavyosubiri. Nilikuwa nimesimama katikati ya jiko na ile lebo mkononi, na kikombe changu cha kahawa kiko mezani. Nikakiona kile kikombe, nikaelewa mimi ni nani katika hadithi hii.

Ule mstari wako wa Fatimah nilikuwa nimeusoma mara moja tu na kuupita haraka, kwa furaha yangu. Usiku nimeusoma tena. Uliniandikia kwamba mtoto amenuna. Hii ni mara ya pili nakuomba msamaha katika mwezi mmoja, na hii ni nzito kuliko ya kwanza, kwa sababu safari ile sikujua.

Leo baada ya misa nimekwenda nyumbani kwa Alfred. Akasema mstari ni mmoja. Nikamwambia aandike kwa herufi ndogo zaidi, mimi nasubiri. Mkewe akatuletea kalamu yake ya kuchorea maua. Amechukua dakika arobaini.

Nilipofika nyumbani nikampigia Baba tena. Akauliza, ile ya kwanza umeifanyaje? Nikasema ninayo hapa. Akasema, "Ichane, nisikie." Nikaweka simu karibu na vidole, nikaichana. Alicheka mpaka akakohoa, Sosthène akaanza kunigombeza kwa nyuma. Kisha akasema, "Sasa nisomee." Nikamsomea. Jina lako amelirudia mara sita mpaka limekaa vizuri mdomoni mwake, na la kwake hakulitaja.

Ndani ya kikaratasi kuna nakala, ni ya Fatimah, apeleke shuleni. Zima feni kwanza. Alfred ameandika jioni, usiku tumeuacha kabisa, umetutesa vya kutosha:

*Shakopee, mwaloni wa tatu.*
*2 Oktoba 2015, jioni: R. Abdulghani.*
*3 Oktoba 2015, jioni: E. Bahizire.*

Jina lako liko juu.

Njoo kwangu unywe chai Jumamosi ijayo. Mchana.

Mama Merveille